UZI: Nataka kazi ya kutunza wazee hapa Mombasa. Nianzie wapi?

BintiKisauni

Assalaam aleikum wanajamvi, na salamu kwa wote wa dini zote. Naomba ushauri wenu.

Nilimaliza kidato cha nne nikapata D+. Tangu hapo nimekuwa nyumbani nikimuuguza nyanyangu, mamake mama, aliyepigwa na kiharusi upande wa kulia. Nilimwogesha, nikamlisha, nikampa dawa za presha na sukari, mpaka Mungu alipomchukua. Sasa majirani wananiita, na juzi familia moja ya Bamburi imeuliza kama naweza kukaa na mzee wao. Ndipo nikaona kumbe hii ni kazi na inaweza kunilisha.

Swali langu: nisomee nini na wapi, kwa alama zangu hizi? Kuna jamaa mtaani anaandikisha watu kozi ya wiki mbili. Anasema ukimaliza anakutolea viza ya Uingereza ukafanye kazi kwenye nyumba za wazee, mradi utangulize pesa. Na mama anasema huu ni uyaya tu, nisijipoteze. Kazi yenyewe naipenda, hilo sifichi, na nataka kuifanya vizuri.

MamaWaTudor

Wa aleikum salaam mwanangu, na pole kwa nyanya. Mungu amlaze pema.

Nianze na huyo jamaa wa viza. Usimpe hata senti. Uingereza ilifungua viza ya wahudumu wa wazee mwaka 2022, ikaanza kuibana Machi 2024 kwa kukataza mhudumu kuandamana na mume, mke au watoto, na tarehe 22 Julai 2025 ikafunga kabisa uajiri mpya kutoka nje. Anayekuuzia njia hiyo leo anakula pesa yako tu. Wakala yeyote wa kazi za ng'ambo lazima awe kwenye orodha ya NEA, mamlaka ya taifa ya ajira, na orodha hiyo iko mtandaoni. Jina halimo, hapana mazungumzo.

Sasa kazi yenyewe. Nimekuwa wodini, na tangu nistaafu nahudumia wazee majumbani, Tudor, Kizingo na Nyali. Wanakuja wasichana wana cheti kimepigwa muhuri, lakini ukimwambia amkalishe mzee anamshika kwapani na kumvuta. Mzee wa kiharusi, misuli inayoshikilia bega la upande ule imelegea. Ukimvuta mkono bega linaachia, na maumivu hayo yanaweza kukaa miezi. Shika kiunoni, umuegemeze kwako, mwende pamoja. Kumvisha nako kuna njia yake: mkono mgonjwa ndio unaotangulia kuingia kwenye dera au kanzu, na wakati wa kuvua ndio unaotoka mwisho. Familia iliyouguza ikikuona unafanya hivyo inajua imepata mtu.

Kuogesha ndiko kunakompima mhudumu. Funga mlango, zima feni, jaribu maji kwa kiwiko. Mfunike leso kuanzia kifuani hadi miguuni, kisha umwoshe chini ya leso hiyo sehemu kwa sehemu. Uso kwanza bila sabuni, halafu mikono, kifua, miguu, mgongo. Sehemu za siri ziwe mwisho, kwa kitambaa kingine na maji mengine. Unapoosha mkono, kilicho wazi ni mkono tu. Ukimaliza unaukausha na kuufunika kabla hujagusa pengine, na pale katikati ya vidole na chini ya matiti pakauke hasa, maana joto letu hili la Mombasa halicheleweshi fangasi. Na mwambie unachofanya kabla hujakifanya, hata kama hajibu. Nimehudumia bibi mmoja ambaye watu wa nyumbani walikuwa wamekata shauri kwamba hasikii wala haelewi. Nilipomwambia, "Bi mkubwa, sasa naosha mguu wa kushoto," aliuinua mguu mwenyewe.

Kisha vidonda vya kulala. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Tazama visigino, nyonga, chini ya mgongo, viwiko, nyuma ya kichwa. Utafundishwa utafute wekundu, lakini ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Tafuta pahali palipokolea rangi kuliko pengine, au pamekuwa pa moto, au pagumu. Ukipaona usipasugue, usimlaze hapo tena, na mwite muuguzi siku hiyo hiyo.

Kuhusu masomo, anza na huduma ya kwanza. Kenya Red Cross na St John Ambulance wote wanafundisha, na kadi yao inaheshimika. Baada ya hapo tafuta kozi ya uhudumu wa wazee ya miezi kadhaa, kwenye chuo kilichosajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, na uulize jambo moja kabla ya karo: mazoezi ya vitendo yatafanyiwa wapi? Kama hawakupeleki hospitalini au kwa wagonjwa, ondoka. D+ yako haikuzuii hapo. Uuguzi ni jambo jingine. Diploma ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, inataka wastani wa C, na muuguzi anasajiliwa na Baraza la Wauguzi. Wewe watu watakuita nesi, wasahihishe. Kuchoma sindano, kuingiza mpira wa mkojo, kubadilisha kipimo cha dawa, hayo si yako mpaka aliyesomea akufundishe na kukuachia kwa maandishi.

Hamisi_Likoni

Naunga mkono yote ya Mama wa Tudor. Dada, mimi ni mwanamume na ndiyo kazi yangu, navuka feri kila siku kwenda kwa wazee. Nataka kaka zangu wanaosoma uzi huu walijue hili: wazee wanaume wengi wa Pwani hawataki kuogeshwa na msichana, wala na binti zao wa kuwazaa. Familia zinatafuta mwanamume mwenye subira zinakosa, mwishowe mzee anakaa bila kuoga. Kazi ipo.

Niongeze kitu ambacho kozi yangu haikukigusa kabisa, nacho ni nyumba. Tulifundishwa kwa kitanda cha hospitali kinachopanda na kushuka. Kule unakokwenda utakuta kitanda cha mbao cha chini, choo cha kuchuchumaa, na kama ni Mji wa Kale, ngazi nyembamba zilizosimama wima na mzee yuko ghorofa ya pili. Siku ya kwanza mimi humsalimia mgonjwa, nikakaa naye kidogo, halafu nikazunguka nyumba. Mkeka unaoteleza, waya wa feni uliopita njiani, taa ya kwenda chooni usiku, kandambili zilizolika. Mzee akianguka akavunjika nyonga, hata akipona mara nyingi harudi kutembea kama zamani.

Choo cha kuchuchumaa usimpeleke mtu asiye na magoti. Mwambie seremala akate tundu kwenye kiti kizito chenye mikono, weka ndoo chini yake. Kitanda kiinuliwe kwa matofali mpaka mzee akikaa ukingoni nyayo ziguse sakafu na magoti yasipande juu ya nyonga. Hapo atasimama kwa nguvu zake na mgongo wako utapona. Na mgongo ni mtaji, dada. Ukiinama kwa kiuno badala ya magoti, hutafika mbali katika kazi hii.

Kumlisha: akae wima, kidevu kikishuka kidogo, kijiko kidogo, na ungoje ameze. Asilazwe mpaka ipite nusu saa. Mzee anayekohoa kila akinywa maji msimlazimishe, daktari aelezwe. Wazee wengi wa kiharusi homa ya mapafu inawapata kwa chakula kinachopita njia ya hewa.

Mwalimu_Changamwe

Mnasema vizuri wenzangu, lakini nani atamlipa huyu msichana? Inua Jamii, ile pesa ya msaada ya Serikali, ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa mzee wa miaka 70 na zaidi. Hiyo pampasi tu haitoshi. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa Serikali. Familia ninazozijua huku zinamfungia mzee ndani asubuhi, zinamwachia uji kwenye chupa, watoto wanakwenda vibaruani hadi jioni. Si kwamba hawampendi. Hawana. Wenye kuweza kulipa mhudumu ni wa Nyali na wazungu waliostaafu huko Mtwapa na Diani. Ningekuwa mzazi wake ningemwambia asome ushonaji au umeme.

MamaWaTudor

Mwalimu, kuhusu pesa umesema kweli tupu, na hiyo chupa ya uji mlango ukiwa umefungwa inaniuma kuliko yote. Lakini hapo ndipo mhudumu anapohitajika, na ziko njia.

Si kila nyumba inataka mtu wa kutwa. Nyingi zinataka mtu wa muda wa saa mbili tu kila asubuhi: mzee aoge, ale, ameze dawa, anyooshwe viungo, nepi ibadilishwe, atazamwe ngozi. Nyumba tatu za mtaa mmoja zikichanga kila moja saa zake, msichana ana siku nzima ya kazi na kila familia inalipa inachokiweza. Wapo wanaofanya hivyo Mikindani. Halafu kuna wahudumu wa afya ya jamii, hawa CHP ambao mwaka 2023 walipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. BintiKisauni, mtafute wa mtaa wako, umwombe ufuatane naye. Anajua kila nyumba yenye mzee kitandani, na utajifunza kupima na kuandika bila kulipa karo.

Na la mama yako kwamba ni uyaya, mheshimu, usibishane naye. Akuone ukifanya kazi kwa saa maalumu, na daftari mkononi.

BintiKisauni

Ahsanteni sana, wallahi nimefarijika. Mama, hilo daftari unaandika nini hasa? Nyanyangu nilikuwa nakumbuka tu kichwani.

MamaWaTudor

Daftari la kurasa ngumu, la mgonjwa huyo peke yake, na linakaa kwake. Saa ya kila dawa na jina lake kama lilivyo kwenye pakiti. Presha na sukari kama anapimwa. Alichokula na alichoacha. Maji, kwa vikombe, maana wazee kiu inawapungua na joto letu linawakausha bila wao kujua. Mkojo: mara ngapi, rangi gani. Choo kikubwa. Amelala upande gani saa ngapi. Ngozi. Hali yake: amecheka, amekataa kula, amemwita mtu aliyekwisha kufa. Hii ya mwisho watu huiacha nayo ina maana kubwa. Mzee aliyekuwa sawa jana, leo ghafla hajui yuko wapi, huyo ni wa kupelekwa hospitali leo. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, sukari, upungufu wa maji, au dawa mpya. Msiseme ni uzee.

Daktari akipewa ukurasa wa wiki nzima anafanya kazi nyingine kabisa kuliko akiambiwa "hajambo hajambo tu". Na siku kitu kikiharibika, daftari ndilo litakalokutetea.

BiKibokoni

Nazungumza kama mwenye mzee. Babangu ana ugonjwa wa kusahau. Alikuwa karani bandarini maisha yake yote, na kila jua likishuka anataka kuvaa aende zamu. Tulikuwa tukimwambia, "Baba umestaafu, kaa chini," naye anapandwa na hasira, mpaka akampiga ndugu yangu. Kijana tuliyempata hakubishana naye hata siku moja. Humuuliza, "Mzee, leo meli gani imeingia?" Baba anaanza kueleza shehena, kijana anamshika mkono, wanazunguka ua mara mbili tatu, wakirudi chai iko mezani na zamu imekwisha. Hiyo ndiyo kazi ninayoilipia, na nailipia kwa moyo mkunjufu.

Naomba wahudumu wetu wajue ugonjwa huu vizuri na wauseme mitaani. Jirani zetu wa Kilifi wamezika wazee wengi waliosingiziwa uchawi, na wengine wamelazimika kukimbilia Kaya Godoma kule Ganze kupata hifadhi. Bibi anayesema peke yake usiku na kupotea njia anaumwa. Mhudumu mwenye elimu, akikaa barazani akalieleza hilo kwa utulivu, anaweza kuokoa mtu.

Jingine ni Ramadhani. Babangu ana sukari na anachomwa insulini, lakini kufunga hakukusahau. Huwezi kumkatalia mzee swaumu kama unamkataza peremende. Tuliita daktari na sheikh wakakaa naye pamoja. Sheikh akamweleza kwamba mgonjwa asiye na tumaini la kupona hana lazima ya kufunga, atoe fidia, alishe maskini kwa kila siku. Sasa kila jioni anaipeleka sahani mwenyewe mpaka mlangoni, na hiyo imekuwa ibada yake. Mhudumu asiye Mwislamu pia ajifunze haya, ajue kumtilia mzee udhu kitandani, na kibla kiko wapi chumbani. Na kama mzee ni Mkristo, ajue Jumapili anapenda wimbo gani.

Dalili za sukari kushuka mzijue kama jina lenu: jasho jembamba, kutetemeka, maneno kuvurugika. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L) kwenye mashine na anameza vizuri, apewe nusu glasi ya juisi au vijiko vitatu vidogo vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui msimtie kitu mdomoni, hospitali moja kwa moja.

Mpwani_Ujerumani

Natoka Majengo, niko Ujerumani mwaka wa pili wa Ausbildung ya uuguzi, yaani mafunzo ya kazi unayosoma huku umeajiriwa. Kwa dada anayewaza ng'ambo, njia ya huku iko wazi na inachosha. Kenya na Ujerumani walitia saini mkataba wa kazi Septemba 2024, lakini mkataba haukupi kazi wala viza. Kinachokupa ni lugha. Bila Kijerumani cha kiwango cha B1 hakuna atakayekutazama, na wengi wanataka B2, kiwango kinachofuata. Mafunzo ni miaka 3, wauguzi wa wazee, watoto na watu wazima tunasoma pamoja tangu 2020. Shule haitozi karo, na mwajiri anakulipa mshahara wa mwanafunzi, kwa wengi zaidi ya yuro 1,000 kabla ya makato. Kwa hiyo mtu anayekutaka ulipe "karo ya Ausbildung", kimbia.

Kilichonisaidia kwenye mahojiano ni kwamba nilikuwa nimetunza wazee Mombasa na ninaweza kueleza nilichofanya na kwa nini. Wenzangu wengine walikuwa na cheti cha lugha tu, na wawili wameacha baada ya majira ya baridi ya kwanza, hawakujua kama kazi yenyewe ni hii. Fanya huko kwanza. Kama utaipenda miaka miwili mitatu, jifunze Kijerumani jioni. Kama hutaipenda, utakuwa hujauza kiwanja cha mtu.

Mwalimu_Changamwe

Nimesoma. Hiyo ya nyumba tatu kuchangiana nimeichukua, nitaiongelea kwenye jumuiya yetu. Nafikiria wazee wanne ninaowajua.

BintiKisauni

Mwalimu, ukipata niite! Sasa wazazi wangu, nisaidieni la mwisho. Ile familia ya Bamburi imerudi. Mzee hajigeuzi kitandani. Wananipa shilingi 8,000 kwa mwezi, nilale huko huko, usiku na mchana, na nipikie nyumba nzima na kufua. Wanasema kula na kulala ni bure kwa hiyo pesa ni nyingi. Nikubali nipate uzoefu?

Hamisi_Likoni

Hapana dada. Tumesema ageuzwe kila saa 2 usiku na mchana. Utalala lini?

MamaWaTudor

Usikubali hivyo, na usiwakatalie kwa hasira. Pengine hawajui. Nenda na mtu mzima wa kwenu mkae nao chini.

Waambie kima cha chini cha mshahara wa Mombasa, kwa amri iliyoanza Novemba 2024, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi, hata kwa kibarua asiye na ujuzi, na asiyepewa nyumba anaongezewa asilimia 15. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi 3 na kuendelea, siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 kwa mwaka. NSSF, ya akiba ya uzeeni, nanyi mchange, na SHA, ya bima ya afya, ikatwe.

Wape pendekezo lako likiwa limeandikwa. Wewe wa mchana, saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku sita. Kazi yako ni mzee: mwili wake, chakula chake, nguo zake na shuka zake, dawa, mazoezi aliyoagizwa na mtu wa fizio, daftari. Chakula cha nyumba na nguo za nyumba hazimo. Glavu na pampasi wananunua wao. Usiku watu wa nyumba wapange zamu za kumgeuza, na wewe utawafundisha wiki ya kwanza kabla hujaondoka jioni. Andika pia nani anapigiwa simu mzee akizidiwa, na nani anatoa pesa ya gari.

BiKibokoni

Na mimi naongeza kwa upande wa wenye nyumba: wakisema hawawezi kiasi hicho, waulize wanaweza saa ngapi. Asubuhi peke yake, saa nne za kazi, mlipane kwa saa hizo, halafu saa zilizobaki utafute nyumba ya pili hapo hapo Bamburi. Sisi tulianza hivyo na kijana wetu.

BintiKisauni

Nitakwenda Jumamosi na mjomba. Nimeandika mambo kwenye karatasi kama mlivyosema, la usiku nimelitanguliza. Mama wa Tudor, nikikutumia picha ya mkataba kabla hatujatia saini utaniangalizia?

MamaWaTudor

Nitumie inboksi Ijumaa, baada ya Alasiri nitakuwa nyumbani. Na uje na daftari tupu, nikuchoree safu zake.